Baridi yabisi: kwa nini usiache dawa hata ukipata nafuu

Makala haya yanakuhusu ikiwa wewe, mzazi wako au jirani yako ameambiwa hospitalini kwamba ana baridi yabisi ya viungo, ugonjwa ambao kwa Kireno huitwa artrite reumatoide. Yanaeleza jinsi dawa zake zinavyofanya kazi, namna ya kuzimeza kwa usalama, na la kufanya zinapokatika. Yameandikwa kwa ajili ya familia zilizohama, zilizorudi na zinazowapokea wengine huko Palma, Mocímboa da Praia, Macomia, Quissanga na Ibo.

Jambo kubwa la kushika ni hili: dawa zinazozuia ugonjwa huu hufanya kazi polepole. Ukiona maumivu yamepungua, mara nyingi maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi. Ukiiacha, ugonjwa huweza kurudi, na kiungo kilichokwisha kuharibika hakirudi kama kilivyokuwa.

Ugonjwa huu ni upi?

Kinga ya mwili kazi yake ni kupigana na vijidudu. Kwa mtu mwenye baridi yabisi, kinga hiyo hukosea na kuushambulia utando ulio ndani ya viungo vyake mwenyewe. Viungo huvimba, hupata joto na kuuma. Usipotibiwa, uvimbe huo hula gegedu na mfupa, na vidole hupinda. Kwa wagonjwa wengi uharibifu huo huanza mapema, mara nyingi ndani ya miaka 2 ya kwanza.

Dalili za kawaida ni hizi:

- Viungo vidogo vya vidole, viganja na nyayo kuvimba na kuuma, mara nyingi pande zote mbili za mwili kwa pamoja.
- Viungo kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, kiasi cha kushindwa kufunga kitambaa au kushika kikombe.
- Uchovu, homa ndogo au kupungua uzito.
- Hali hii kuendelea kwa wiki 6 au zaidi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Takribani 70% yao walikuwa wanawake. Huwapata watu wazima wa umri wowote, wala si ugonjwa wa wazee peke yao.

Jina lake la Kiswahili lina neno baridi, na watu wengi wa pwani husema unatokana na maji ya bahari au upepo wa kusi. Hali ya hewa inaweza kuwaongezea baadhi ya watu maumivu, lakini siyo chanzo cha ugonjwa. Hauambukizi. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa, kulala naye chumba kimoja na kumpa mtoto ambebe.

Si kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi

Maumivu ya viungo yana sababu nyingi: kazi nzito, umri, jongo, kifua kikuu cha mifupa, na homa za mbu. Ugonjwa wa chikungunya, kwa mfano, ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 katika Uwanda wa Makonde, upande wa pili wa mto Ruvuma, na jina lake ni neno la Kimakonde lenye maana ya kupinda, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Kwa baadhi ya watu maumivu yake hudumu miezi mingi na kufanana sana na baridi yabisi.

Kwa hiyo usianze dawa za baridi yabisi kwa sababu tu jirani yako anazimeza na dalili zenu zinafanana. Mhudumu wa afya atakuuliza maswali, atashika viungo vyako na huenda akaagiza vipimo vya damu.

Dawa za aina mbili, kazi mbili tofauti

Watu wengi huacha dawa kwa sababu hawakuelezwa tofauti hii.

Aina ya kwanza ni dawa za kutuliza maumivu, kama parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki. Hufanya kazi ndani ya saa chache. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza pia uvimbe, lakini haziuzuii ugonjwa kula mfupa. Zikitumiwa sana huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Zimeze baada ya chakula, na usichanganye ibuprofeni na diklofenaki kwa wakati mmoja.

Aina ya pili ni dawa za kudhibiti ugonjwa wenyewe. Hizi huituliza kinga ya mwili isiendelee kushambulia viungo. Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Zinazotumika zaidi ni hizi:

- Methotreksati, ambayo kwenye pakiti ya Kireno huandikwa metotrexato. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 12.
- Haidroksiklorokwini, yaani hidroxicloroquina. Huchukua miezi 2 hadi 6. Anayeitumia kwa miaka mingi huhitaji kupimwa macho.
- Salfasalazini, yaani sulfassalazina. Humezwa pamoja na chakula. Inaweza kugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, na hilo si hatari. Usiimeze ikiwa una mzio wa dawa za salfa.

Ukimeza methotreksati wiki 3 na kusema haisaidii, hukuipa muda. Katika wiki hizo za kungoja, mhudumu anaweza kukupa dawa ya maumivu au prednisoloni kwa muda.

Prednisoloni, yaani prednisolona, hushusha uvimbe haraka, na ndiyo maana watu huipenda. Lakini ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na hurahisisha maambukizi. Tena, ukiwa umeimeza kwa wiki 3 au zaidi, usiiache ghafla. Mwili wako unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukikatisha mara moja unaweza kutapika, kuishiwa nguvu na hata kuzimia. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya mhudumu.

Methotreksati: mara moja kwa WIKI

Soma sehemu hii mara mbili, kisha msomee asiyejua kusoma.

Methotreksati kwa baridi yabisi humezwa siku moja tu katika wiki. Anayeimeza kila siku kwa makosa anaweza kufa. Makosa hayo yamewahi kutokea katika nchi nyingi, hata kwenye hospitali kubwa, kwa sababu watu wamezoea kwamba dawa ni ya kila siku.

- Chagua siku moja isiyobadilika. Wengine huchagua Ijumaa, wengine Jumapili. Mwambie mhudumu aiandike siku hiyo kwenye pakiti.
- Kidonge cha kawaida kina miligramu 2.5, lakini kipo pia cha miligramu 10, na huweza kufanana kwa macho. Kila unapopewa pakiti mpya, uliza: "Ni vidonge vingapi kwa wiki?" Usihesabu kwa mazoea ya pakiti ya zamani.
- Kwa kawaida utapewa pia asidi foliki, yaani ácido fólico, ili kupunguza vidonda vya mdomoni na kichefuchefu. Imeze siku ulizoelekezwa.
- Unahitaji kupimwa damu, ini na figo: mara kwa mara mwanzoni, kisha kila baada ya miezi 2 au 3.
- Usinywe pombe bila kuzungumza na mhudumu, kwa sababu pombe na dawa hii zote hugusa ini.
- Methotreksati huweza kuharibu mimba na kumlemaza mtoto tumboni. Mwanamke anayeweza kushika mimba atumie uzazi wa mpango wa uhakika. Ukitaka kuzaa, sema miezi kadhaa kabla ili ubadilishiwe dawa. Haidroksiklorokwini na salfasalazini huweza kutumika wakati wa ujauzito. Usinyonyeshe ukiwa unatumia methotreksati.
- Usichanganye methotreksati na kotrimoksazoli, yaani cotrimoxazol. Dawa hizi mbili zikikutana huweza kuzuia mwili kutengeneza damu. Kotrimoksazoli hutolewa mara nyingi kwa maambukizi, na watu wenye virusi vya UKIMWI hupewa kama kinga. Kwa hiyo kila unapotibiwa ugonjwa wowote, anza kwa kusema: "Natumia metotrexato."

Kwa nini watu huacha dawa?

Kuacha dawa ya muda mrefu ni jambo la kawaida duniani kote. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri, ni karibu nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu wanaofuata dawa kama walivyoelekezwa. Kwa hiyo ukiwa umeacha, usione haya kurudi kituoni.

Sababu hutofautiana, na kila moja ina jibu lake.

"Nimepona." Umepata nafuu, na ni jambo jema. Lakini ugonjwa umezuiwa tu, haujaondoka. Dozi inaweza kupunguzwa baadaye, ila mhudumu ndiye aipunguze baada ya kukuchunguza.

"Dawa inanichafua tumbo." Usinyamaze wala usiache kimya kimya. Mara nyingi kuna njia: kumeza baada ya chakula, kumeza usiku kabla ya kulala, kuongezewa asidi foliki au kubadilishiwa dawa.

"Naogopa dawa kali." Woga huo una msingi, kwa kuwa dawa hizi zina madhara kweli, na ndiyo sababu ya vipimo vya damu. Pima pande zote mbili: madhara mengi huonekana mapema kwenye vipimo na kurekebishwa, lakini kidole kilichopinda hakinyooki kwa kidonge.

"Kituo ni mbali na nauli sina." Muulize mhudumu kama anaweza kukupa dawa za miezi 2 au 3 kwa pamoja. Uliza pia lini timu ya afya inayotembea, brigada móvel, itafika kijijini kwenu.

"Natumia dawa za mganga." Mwambie mhudumu bila woga. Kumkanda mgonjwa kwa mafuta ya nazi yenye uvuguvugu hakugombani na vidonge. Mizizi na unga wa kunywa ndiyo huweza kuumiza ini au figo zikichanganyika na methotreksati. Jihadhari pia na vidonge visivyo na pakiti vinavyouzwa sokoni kama dawa ya mifupa. Katika nchi mbalimbali, dawa za namna hiyo zimekutwa na steroidi zilizofichwa ndani, za jamii moja na prednisoloni.

Njia rahisi za kukumbuka

- Funga dawa na jambo unalolifanya kila siku: sala ya alfajiri, chai ya asubuhi, kufunga mlango usiku.
- Tia alama ya mkaa au kalamu ukutani kila unapomeza. Kwa methotreksati, alama iwe moja kwa wiki.
- Chagua mtu mmoja nyumbani awe mshika zamu: mtoto anayesoma, dada au mume. Kazi yake ni kuuliza, wala si kugomba.
- Mwezi wa Ramadhani usikatishe dawa. Methotreksati ya wiki humezwa usiku bila kugusa saumu. Haidroksiklorokwini na salfasalazini huweza kupangwa wakati wa futari na daku. Zungumza na mhudumu kabla ya mwezi kuandama, hasa ikiwa unameza dawa mara tatu kwa siku.
- Hema la turubai na nyumba ya mabati hupata joto kali. Weka dawa kwenye pakiti yake, ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, mahali pa kivuli palipo baridi zaidi, mbali na moto.
- Weka juu, mbali na watoto. Vidonge vichache tu vya haidroksiklorokwini vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Ukilazimika kuondoka ghafla

Pwani hii imehama mara nyingi: tangu shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017 hadi lile la Palma la tarehe 24 Machi 2021, na safari nyingine ndogo ndogo zisizohesabika. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 na Kimbunga Chido cha Desemba 2024 navyo viliwaacha watu bila paa. Kwa mgonjwa, kila safari ya namna hiyo inaweza kukata dawa. Jiandae wakati wa utulivu.

1. Weka dawa, karatasi ya dawa (receita) na kadi ya afya kwenye mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji, pamoja na kitambulisho chako.
2. Piga picha karatasi hiyo na pakiti kwa simu, umtumie ndugu aliye Pemba, Nampula au Mtwara. Simu yako ikipotea, picha itabaki kwake.
3. Jifunze kwa moyo mambo matatu: jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti, idadi ya vidonge, na siku ya kumeza. "Kidonge cheupe kidogo" hakimsaidii mhudumu mpya.
4. Usingoje kidonge cha mwisho. Nenda kuchukua dawa zikibaki za wiki 2.
5. Ukifika mahali papya, jitambulishe kituo cha afya mapema, hata kama bado una dawa na huna maumivu.

Ukikosa dozi, au dawa zikiisha

Ukisahau methotreksati, unaweza kuimeza ikiwa hazijapita siku 2. Zikiwa zimepita, iache na usubiri siku yako ya kawaida wiki ijayo. Usimeze dozi mbili ili kufidia.

Kwa haidroksiklorokwini na salfasalazini, ruka dozi uliyosahau na uendelee na inayofuata kwa saa yake.

Prednisoloni ikikaribia kuisha na umeimeza kwa wiki nyingi, hilo ni jambo la haraka. Nenda kituoni kabla haijakatika na useme wazi umeitumia muda gani.

Ukiwa umekaa bila dawa kwa wiki au miezi, usianze tena mwenyewe kwa pakiti ya zamani au ya kuazima. Nenda ukaseme ukweli. Unaweza kusema hivi: "Daktari, nilikuwa natumia metotrexato vidonge vinne kila Ijumaa. Tulikimbia, na sasa ni miezi miwili sijameza. Vidole vimevimba tena." Ukificha, mhudumu anaweza kudhani dawa imeshindwa na kukuongezea dozi usiyoihitaji.

Vituo vidogo havina dawa hizi zote kila wakati. Omba barua ya rufaa, yaani guia de transferência, kwenda hospitali kubwa zaidi, kama Hospitali ya Mkoa ya Pemba.

Nenda kituoni haraka ukiona haya

- Homa, au kikohozi kikavu na kupumua kwa shida.
- Vidonda mdomoni au kooni, damu kutoka kwenye fizi, au michubuko isiyo na sababu.
- Macho au ngozi kuwa ya manjano.
- Choo cheusi au kutapika damu.
- Kuhara na kutapika kwa wingi.

Dalili ya mwisho ina uzito wake hapa, kwa kuwa mikurupuko ya kipindupindu imekuwa ikitokea Cabo Delgado nyakati za mvua. Mwili ukikauka maji, figo hushindwa kuitoa methotreksati na dawa hujaa mwilini. Ukiwa na homa kali au kuhara sana, usimeze methotreksati ya wiki hiyo mpaka uonwe na mhudumu. Anza kunywa maji ya chumvi na sukari (ORS) ukiwa njiani.

Homa pia inaweza kuwa malaria. Haidroksiklorokwini ni ya jamii moja na dawa ya zamani ya malaria, lakini haitoshi kukukinga wala kukutibu malaria ya huku. Lala ndani ya chandarua, upimwe kila unapopata homa, na umwambie mhudumu dawa unazotumia kabla hajakupa dawa ya malaria.

Kwa familia na majirani

Mwenye baridi yabisi anaweza kuonekana mzima saa nane mchana na asiweze kusimama alfajiri. Huo si uvivu. Mama aliyekuwa akisuka mikeka, kutwanga na kusaga msiro kwenye jiwe hukosa mambo hayo kabla hajakosa kingine chochote. Msaidieni kuchota maji na kubeba kuni siku mbaya. Siku nzuri mwacheni afanye kazi zake, kwa maana viungo visivyotumika hukakamaa zaidi. Mpini wa kisu au jembe ukiviringishiwa kitambaa huwa rahisi kushika. Anayevuta tumbaku ashauriwe kuacha, kwa sababu tumbaku huuzidisha ugonjwa huu.

Unapogawa foleni ya chakula au maji, mpe nafasi ya kukaa hata kama ni kijana. Anayesimama saa tatu kwenye jua leo anaweza kesho asifike kuchukua dawa.

Wapi pa kuuliza

- Kituo cha afya kilicho karibu nawe, au mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chenu.
- Timu ya afya inayotembea inapofika kijijini. Peleka pakiti na karatasi zako zote, hata tupu.
- Linha Verde, namba 1458, bila malipo, kwa maswali na malalamiko kuhusu misaada ya kibinadamu. Msaada huo haulipiwi. Mtu akikudai fedha au jambo lolote lingine ili akuandikishe, piga namba hiyo.

Makala haya hayachukui nafasi ya mhudumu wa afya. Usianze, usibadilishe wala usiache dawa kwa kuyasoma tu. Ukienda kituoni, unaweza kuanza na maswali haya matatu: dawa yangu inaitwaje, nameza vingapi na siku gani, na nifanye nini ikiisha kabla sijaweza kurudi?